Hati Mlangoni: Historia ya Kumfikia Anayeikimbia Mahakama

Hakuna mahakama yenye haki ya kumfunga mtu kwa kukaidi amri asiyoijua. Kanuni hiyo ni njema, na hakuna mwanasheria anayeipinga. Lakini ndiyo hiyo hiyo iliyowapa wajanja pa kujificha kwa karne nyingi. Mdaiwa sugu, mzazi anayekwepa kulipa matunzo ya watoto, mwenye kampuni aliyezuiwa kubomoa nyumba ya jirani, katibu wa wizara asiyetaka kulipa fidia iliyoamriwa: wote wanafahamu kwamba kabla ya kusimamishwa mbele ya jaji kwa kosa la kudharau mahakama, ni lazima ithibitike kwamba amri iliwafikia. Basi simu haipokelewi. Geti linafungwa. Mlinzi anasema bosi kasafiri na hajulikani atarudi lini.

Sheria imehangaika na mtu wa namna hii kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na swali lililoisumbua ni moja: mahakama ijuaje kwamba huyu alijua?

Mhuri wa udongo: kabla ya 1300

Katika Roma ya karibu mwaka 450 K.K., kwa mujibu wa sheria zilizoandikwa kwenye Mbao Kumi na Mbili, kumwita mdaiwa ilikuwa kazi ya mdai mwenyewe. Alimkuta njiani au sokoni, akamwambia twende kwa hakimu. Akikataa, mdai aliita watu washuhudie, kisha akamshika. Mdaiwa akiwa mzee au mgonjwa, mdai alitakiwa kumtafutia mnyama wa kumbeba, ingawa hakulazimika kumwandalia gari la kutandikwa mito. Utaratibu huo ulimfaa mwenye misuli. Mjane aliyedhulumiwa na jirani mwenye watumwa ishirini hakuwa na namna ya kumshika mtu yeyote.

Ulimwengu wa Kiislamu ulipiga hatua kubwa kwa kuiweka kazi hiyo mikononi mwa kadhi. Huko Baghdad, katika karne ya 9, mwanachuoni wa Kihanafi al-Khassaf aliandika juu ya adabu za ukadhi, na humo akamshughulikia mtu anayejifungia ndani. Kadhi hutuma mjumbe pamoja na mashahidi, mjumbe hunadi mlangoni kwa siku tatu kwamba kadhi anamwita fulani, na asipotoka kadhi humteulia wakili na kuisikiliza kesi. Mlango uliofungwa haukuzuia tena haki. Hata hivyo kwanza ilibidi sauti ipigwe, tena mara kwa mara na mbele ya watu, ili asiwepo wa kusema kwamba hakusikia.

Kitabu kilichoongoza makadhi wa Kishafii wa mwambao wetu ni Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Utaratibu wake umepangwa vizuri mno. Mdaiwa aliyepo mjini huitwa kwa kupelekewa mhuri wa kadhi uliogongwa kwenye udongo mbichi au kitu kingine, au kwa mjumbe aliyewekwa kwa kazi hiyo. Akikataa bila udhuru, huletwa na askari wa sultani na kutiwa adabu. Na ingawa kwa kawaida ushahidi hausikilizwi dhidi ya mtu aliyepo mjini bila yeye kuwapo, ruhusa hutolewa akiwa amejificha au amejivuna kwa nguvu zake. Wito, ukaidi, adhabu, kisha njia ya kwenda mbele bila yeye: ngazi zote nne zimo. Anayedhani kwamba mambo haya yaliletwa Afrika Mashariki na Waingereza anawasahau makadhi wa Lamu, Mombasa na Unguja.

Pauni mia moja: karne ya 14 hadi 1604

Waingereza nao walikuwa na shida yao. Mahakama zao za kawaida zilimwandama mdaiwa kwa hatua ndefu: wito, kukamata mali, kumkamata mwenyewe, na mwisho kumtangaza kuwa nje ya ulinzi wa sheria. Mtu mwenye fedha aliweza kuzichezea hatua hizo kwa miaka.

Mabadiliko yalitoka katika ofisi ya Kansela wa mfalme, mwishoni mwa karne ya 14. Mapokeo yanamtaja John Waltham, aliyekuwa askofu wa Salisbury, kuwa ndiye aliyebuni hati mpya. Hati hiyo ilimwamuru mtu binafsi afike siku fulani, la sivyo atatozwa faini, mara nyingi pauni 100, fedha ambazo wakati ule zingeweza kumfilisi kabaila mdogo. Haikugusa shamba lake wala ng'ombe wake. Ilimgusa yeye. Hapo ndipo yalipofungamana mambo mawili ambayo hayajaachana hadi leo, yaani kumfikishia mtu karatasi na kumwadhibu kwa dharau. Mahakama ya Kansela ilisema na dhamiri ya mtu na kumtia gerezani mpaka atii, kwa hiyo ilibidi kwanza iwe na hakika kwamba imesema naye.

Hati hiyo ilikuwa na kasoro kubwa: haikueleza sababu ya wito. Mtu aliitwa London kutoka mbali, chini ya tishio la faini, bila kujua anadaiwa nini. Mwaka 1415 wabunge walimlalamikia mfalme Henry wa Tano, wakimtaja Waltham kwa jina kama mzushi wa jambo hilo. Wito usiomwambia mtu anatuhumiwa nini unamfikia mwilini tu. Akili yake haijafikiwa.

Kwa anayekaidi, Mahakama ya Kansela ilijenga ngazi ya kutisha. Kwanza kukamatwa, kisha kutangazwa hadharani, kisha tume ya kumsaka kama mwasi, kisha afisa maalumu wa mahakama kumfuata, mwishowe mali yake kushikwa na watu waliowekwa na mahakama. Lakini mwaka 1604, katika kesi ya Semayne, majaji wa London walithibitisha kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake, na kwamba afisa hawezi kuvunja mlango wa nje kwa sababu ya shauri la madai la mtu binafsi. Ulinzi huo ni wa thamani, na sitamani uondolewe. Ila tangu siku hiyo kila mkwepaji alijua thamani ya komeo.

Mabwana wa Jumapili: 1677 hadi 1732

Mwaka 1677 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuiheshimu Jumapili, na kifungu kimoja kikasema hati za mahakama zisipelekwe siku hiyo. Ikipelekwa, ni batili. Nia ilikuwa ibada. Matokeo yake yalikuwa kwamba wadaiwa walijifungia siku sita na kutoka ya saba wakiwa wamevaa vizuri, wakitembea mbele ya wale wale waliokuwa wakiwawinda. Inasimuliwa kwamba Daniel Defoe, kabla hajawa mwandishi maarufu, alipokuwa amefilisika aliishi Bristol kwa mtindo huo, na watu wakamwita bwana wa Jumapili.

Wengine hawakuhitaji hata kungoja Jumapili. London ilikuwa na vitongoji ambavyo kwa mapokeo ya kale ya hifadhi havikuingiliwa na maafisa wa mahakama: Whitefriars, na baadaye Mint ya Southwark. Humo wadaiwa walijipanga kwa umoja. Mpeleka hati aliyethubutu kuingia alipigwa na kutumbukizwa kwenye mitaro ya uchafu. Sheria ya 1697 ilifuta hifadhi nyingi za aina hiyo, na ile ya 1723 ikaifunga Mint. Tunapowahesabu waliojenga utawala wa sheria huwataja majaji na mawakili. Hawa waliotoka mitaroni wakinuka, karatasi imelowa mikononi, nao wanastahili kuhesabiwa.

Sheria ya mwaka 1732 ndiyo iliyoleta suluhisho ambalo bado tunalo. Ilihusu watu wanaotoroka ili hati za Mahakama ya Kansela zisiwafikie. Mdai aliyeapa kwamba mdaiwa ameondoka au amejificha kwa kusudi hilo aliruhusiwa kutangaza amri ya kumtaka afike katika gazeti la serikali, London Gazette, na kuibandika mahali pa wazi, likiwamo soko kuu la wafanyabiashara. Asipofika, madai yalichukuliwa kuwa amekubali. Kwa Waingereza tangazo lilianza kushika nafasi ya mkono. Al-Khassaf angeutambua utaratibu huo mara moja: ni yule mnadi wake wa siku tatu, safari hii akitumia wino.

Kutoka mkononi hadi sikioni: 1747 hadi 1879

Tangazo la gazeti lilitosha kuendesha kesi na kutoa hukumu ya upande mmoja. Kumfunga mtu kwa dharau ni jambo jingine. Mali ikichukuliwa kimakosa hurudishwa. Siku za gerezani hazirudi. Ndiyo maana kwa adhabu ya dharau majaji waliendelea kudai kwamba amri ikabidhiwe kwa mkono, mwenyewe kwa mwenyewe.

Mwaka 1747, katika kesi ya Skip dhidi ya Harwood, Kansela Lord Hardwicke alikutana na ujanja mpya. Waliokuwa wakilengwa na ombi la amri walikuwapo mahakamani lilipotolewa, kisha wakatoka kabla Kansela hajatamka uamuzi. Hawakusikia amri, wala karatasi haikuwafikia. Hardwicke aliwahesabu kuwa na hatia ya dharau. Waliyaona mawingu, wakatoka ili wasiione mvua. Mwanzoni mwa karne ya 19 Kansela Lord Eldon alifuata njia hiyo, akisema kwa namna mbalimbali kwamba anayejua amri ipo hawezi kujificha nyuma ya karatasi ambayo haijaandikwa safi.

Kisha ukaja umeme. Mwaka 1879 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Langley. Bidhaa zilikuwa zikinadiwa, amri ya kusimamisha mnada ikatolewa London, na wakili akapeleka habari kwa simu ya maandishi. Wahusika waliipata, wakaendelea kuuza. Mahakama ilisema jambo zito: habari ya telegramu inaweza kutosha, na anayeipuuza hujiweka hatarini. Lakini iliwaachia watuhumiwa, kwa sababu katika mazingira yale walikuwa na sababu ya kuamini kwamba ujumbe ule haukuwa wa kweli.

Naiona kesi hiyo kuwa kubwa kuliko nyingi zilizoifuata. Ndani yake zimo pande zote mbili: kwamba kujua kunatosha, na kwamba kujua lazima kuwe kujua kweli, si kudhaniwa. Waingereza waliendelea kutofautisha amri ya kukataza na amri ya kutenda. Aliyekatazwa asibomoe ukuta alifungwa na habari tu, hata ya mdomo. Aliyeamriwa kulipa au kukabidhi kitu ilibidi apewe amri mkononi, tena yenye onyo la adhabu ukurasani.

Sheria ya India yavuka bahari: 1859 hadi 1966

Utaratibu huu haukuja kwetu moja kwa moja kutoka London. Ulipitia India. Mwaka 1859 serikali ya kikoloni huko ilitunga Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, ikaifanyia mabadiliko, na mwaka 1908 ikatoa ile iliyoenea. Waandishi wake walijua nchi yenye vijiji vingi, barabara chache na watu wasiosoma. Walihitaji utaratibu ambao tarishi wa mshahara mdogo angeweza kuufuata peke yake.

Walichoandika kinafahamika kwa kila karani wa mahakama kutoka Kigoma hadi Garissa. Wito apewe mdaiwa mwenyewe inapowezekana, au wakala wake. Asipopatikana, apewe mtu mzima wa kiume wa familia anayeishi naye. Mtumishi wa nyumbani hahesabiwi. (India yenyewe iliondoa sharti la kiume mwaka 1976, baada ya miaka 68 ya kuwaona mke na mama kuwa si watu wa kupokea karatasi.) Mdaiwa akikataa kutia sahihi, au akitafutwa kwa bidii asionekane, nakala ibandikwe kwenye mlango wa nje wa nyumba, na tarishi aandike taarifa: aliibandika lini, kwa mazingira gani, nani alimwonyesha nyumba. Na mahakama ikiridhika kwamba mtu anajificha makusudi, iamuru njia mbadala, kwa kubandika mahakamani na kwenye makazi yake ya mwisho au kwa namna nyingine, na njia hiyo iwe na nguvu sawa na kukabidhiwa kwa mkono.

Wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar na Mombasa walikuwa raia wa Uingereza wakishitakiana mbele ya balozi, na sheria za India ziliwafuata huko. Amri ya Kifalme ya mwaka 1897 ilizieneza katika eneo lililokuja kuwa Kenya. Tanganyika ilizipata mwaka 1920, baada ya Wajerumani kuondoka na kuacha nyuma yao maakida na majumbe waliozoea kuita watu kwenye mashauri kwa kutuma askari. Kwa Mwafrika wa kawaida, miaka hiyo yote, wito ulikuja kwa tarishi wa liwali au wa mahakama ya wenyeji, na hakukuwa na mjadala kuhusu njia mbadala. Kutofika kulikuwa kosa, na adhabu yake ilijulikana. Kujificha kwa ustadi, ukiwa na wakili na geti, ilikuwa anasa ya wachache.

Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1924. Tanzania Bara iliiweka kando ile ya India kwa kutunga yake mwaka 1966, Sheria Namba 49. Zote mbili zilihifadhi mlango wa nje, bidii ya tarishi, na njia mbadala. Zilihifadhi pia meno: anayevunja amri ya zuio anaweza kukamatiwa mali na kufungwa kama mfungwa wa madai kwa muda usiozidi miezi sita.

Kiapo cha mtu aliyebaki barabarani

Uhai wa mfumo huu unategemea karatasi moja ambayo umma hauioni: hati ya kiapo ya aliyepeleka wito. Jaji hakuwapo mlangoni. Anachokijua ni kile ambacho mpeleka hati ameapa kwamba alikifanya. Tanzania imewapa watu hawa kanuni zao. Za mwaka 2017 zinawasimamia madalali wa mahakama pamoja na wasambaza nyaraka, kuanzia uteuzi hadi nidhamu. Mitaani msambaza nyaraka mwenye busara huanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, amwonyeshe nyumba na ashuhudie. Nyumba ikiwa imefungwa na jirani akasema mwenyewe kahamia Goba au Kibaha, huandika hivyo, siku na saa. Baada ya safari kadhaa za bure wakili huomba ruhusa ya kutangaza gazetini, na ndiyo maana kurasa za ndani za Mwananchi na Daily News zina vile visanduku vya wito vyenye majina ya watu ambao huenda wasivione kamwe.

Lakini mlango huu wa pembeni, uliofunguliwa kwa ajili ya kumnasa mjanja, unaweza kumwangusha asiye na hatia. Msambaza nyaraka anayelipwa kwa hati, si kwa saa, ana kishawishi cha kuapa kwamba alibandika wakati hakufika hata mtaa ule. Ubaya huo ulionekana kwa ukubwa wake New York. Mwaka 2009 Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Andrew Cuomo, aliishitaki kampuni moja ya kupeleka hati pamoja na mmiliki wake, kisha akaenda mahakamani kuomba takriban hukumu 100,000 za madeni zifutwe. Wafanyakazi wa kampuni hiyo walikuwa wameapa kufika milangoni ambako hawakufika. Viapo vingine vilimweka mtu yule yule mahali pawili kwa wakati mmoja. Maelfu ya watu walikatwa mishahara kwa kesi ambazo hawakuwahi kuzisikia. Jiji la New York lilijibu kwa sheria ya kuwataka wapeleka hati wabebe kifaa cha satelaiti kinachorekodi walipo.

Sheria za kwetu zilikuwa na dawa ya zamani zaidi: mahakama inaweza kumwita mpeleka hati, kumwapisha na kumhoji. Dawa hiyo haitumiki vya kutosha. Mtu akisema hakupata wito, swali la kwanza linapaswa kwenda kwa aliyeapa: rangi ya geti ilikuwa gani? Nani alikuonyesha nyumba? Kumfunga mtu kwa kiapo kisichopimwa ni dhuluma kubwa kuliko ya yule anayejificha, kwa sababu inafanywa kwa mhuri wa mahakama.

Kujua kunatosha: 1967 hadi 2015

Kenya ilikuwa na tatizo lake la pekee. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Mahakama ya 1967 kiliipa Mahakama Kuu mamlaka ya kuadhibu dharau sawa na yale ya Mahakama Kuu ya Uingereza. Kwa hiyo mawakili wa Nairobi walilazimika kufuata kanuni za London: amri ikabidhiwe kwa mkono, iwe na onyo la adhabu, iwahi kabla ya muda wa kutii kwisha. Maombi mengi yalianguka kwa kukosa moja ya hayo. Waziri alisoma habari ya amri gazetini, akaizungumzia mbele ya waandishi wa habari, kisha wakili wake akasimama mahakamani kusema mteja wake hakukabidhiwa.

Jambo hili liliwauma zaidi wananchi walioishinda serikali. Sheria ya Kenya hairuhusu mali ya serikali kukamatwa na kunadiwa. Mwenye hukumu ya fidia dhidi ya wizara hupata kwanza hati ya kudai, kisha amri ya kumlazimisha afisa mhasibu alipe, na akikaidi hubaki njia moja tu: kumshitaki afisa huyo binafsi kwa dharau. Kwa hiyo afisa akiweza kuikwepa karatasi, hukumu nzima inageuka kuwa bure. Mjane aliyeshinda kesi hana mahali pengine pa kwenda.

Katiba ya 2010 iliubadilisha mtazamo wa majaji. Mwaka 2012, katika kesi ya Basil Criticos dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba kujua kunashinda kukabidhiwa: mtu anayeonyesha kwa matendo yake kwamba anaifahamu amri hawezi kudai sharti la kupewa kwa mkono. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani iliusimika msimamo huo katika kesi ya Shimmers Plaza na Benki ya Taifa ya Kenya. Ilisema kujua amri kunatosha, na wakili wa mhusika akiwapo mahakamani amri inapotolewa, mteja wake anahesabiwa kuwa amejua. Anayedai kwamba wakili wake hakumwambia, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Nakubaliana na hukumu hizo. Hata hivyo zinamtwika wakili kazi ambayo wengi huichukulia kirahisi. Tangu 2015, wakili wa Kenya asiyempigia mteja wake simu jioni ya siku ya amri anaweza kuwa amempeleka gerezani.

Lango la serikali: 2018 hadi 2024

Msimamo kwamba kujua kunatosha ulijaribiwa miaka mitatu baadaye. Tarehe 30 Januari 2018 kiongozi wa upinzani Raila Odinga alijiapisha kuwa rais wa wananchi katika bustani ya Uhuru, na serikali ikazima matangazo ya NTV, Citizen na KTN. Mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda mahakamani, na tarehe 1 Februari Jaji Chacha Mwita akaamuru vituo virudi hewani. Omtatah alipoipeleka amri kwenye makao ya Mamlaka ya Mawasiliano, alizuiwa kuingia kuikabidhi. Nchi nzima ilikuwa imeisikia amri hiyo kwenye redio na simu; ofisi iliyoamriwa ndiyo iliyojifanya haijaiona. Vituo vilirejea hewani wiki iliyofuata, kimoja kimoja.

Mwezi Machi mwaka huo wakili Miguna Miguna, mshirika wa Odinga katika kiapo kile, alishikiliwa katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta licha ya amri za kumwachia. Mawakili waliofika na amri hizo walizuiwa na kusukumwa. Jaji George Odunga hakukubali kwamba ukuta wa askari ni utetezi. Aliwatia hatiani kwa dharau Waziri Fred Matiang'i, Mkuu wa Polisi Joseph Boinnet na Katibu wa Uhamiaji Gordon Kihalangwa, akamtoza kila mmoja shilingi 200,000 zikatwe kwenye mshahara wake. Kabla faini haijatangazwa Miguna alikuwa ameshapakiwa kwenye ndege ya Dubai.

Bunge nalo lilikuwa limejaribu kuwakinga wakubwa. Sheria ya Dharau ya Mahakama ya 2016 ilitaka afisa mhasibu wa serikali apewe notisi ya siku 30 kabla ya kushitakiwa kwa dharau, muda wa kutosha kuhamishwa wizara. Novemba 2018 Jaji Mwita aliifuta sheria hiyo yote, kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo katika kuitunga na kwa sababu iliingilia uhuru wa mahakama.

Wakati huo teknolojia ilikuwa imeshabisha hodi kwingine. Desemba 2008 mahakama ya Canberra, Australia, iliruhusu hukumu ipelekwe kwa wadaiwa kupitia Facebook baada ya nyumba na barua pepe kutozaa matunda. Oktoba 2009 Mahakama Kuu ya Uingereza iliruhusu amri ya zuio itumwe kwa Twitter kwa mtu asiyejulikana jina aliyekuwa akijifanya mtu mwingine. Mwaka 2020 Kenya iliingiza barua pepe na programu za ujumbe wa simu, kama WhatsApp, ndani ya kanuni zake za madai. Wito wa simu hutumwa kwa namba ya mwisho inayojulikana ambayo mdaiwa aliitumia. Huhesabiwa umefika mtumaji anapopata alama ya kupokelewa. Na mpeleka hati huapa na kuambatisha picha ya alama hiyo.

Alama hizo hazisemi nani alikuwa ameshika simu. Laini zinauzwa, simu zinaibwa, na wapo wanaotumia simu moja nyumba nzima. Kwa kuanzisha kesi ya madai, kanuni hiyo inafaa sana. Kwa kumpeleka mtu gerezani, jaji anapaswa kutaka zaidi ya alama: jibu la mdaiwa, malipo aliyofanya, maneno aliyosema mahali pengine, chochote kinachoonyesha kwamba aliyeisoma ni yeye.

Septemba 2024 swali la kujua halikuwapo kabisa. Wanaume watatu walikuwa wametekwa Kitengela, na Jaji Lawrence Mugambi alimtaka Kaimu Mkuu wa Polisi, Gilbert Masengeli, aje mwenyewe kueleza walipo. Masengeli hakufika, mara kadhaa, huku wasaidizi wake wakitumwa kumtolea udhuru wa kazi za usalama mikoani. Tarehe 13 Septemba alihukumiwa kifungo cha miezi sita, akapewa siku saba za kurekebisha msimamo wake. Waliotekwa waliachiwa wakiwa hai mwezi huo huo. Masengeli naye alifika mbele ya jaji, akaomba radhi, na adhabu ikafutwa.